Anayelalamika Baridi Akateke Maji

Kila mwaka ikifika Oktoba kuna mtu ananipa pole. Sijafiwa, siumwi, sijavunjika mguu. Pole yenyewe ni ya baridi. Mwenzangu wa jikoni, Mbelgiji mwenye moyo mzuri kabisa, akiniona nimevaa sweta ya kwanza ya msimu huweka mkono kifuani na kusema, "Maskini wewe, na kwenu kulivyo na jua." Mimi napika supu katika kantini ya ofisi moja karibu na stesheni ya Schuman, huu mwaka wa kumi na tano, na miaka yote hiyo nimemjibu kwa kumwonyesha picha ile ile kwenye simu. Nyasi nyeupe, paa la bati jeupe, kuku wamejikunyata juu ya lundo la kuni. Hapo ni Makete, namwambia, nyanda za juu Tanzania, mwezi wa Julai, na huo weupe si chumvi. Anaitikia kwa kichwa. Mwaka unaofuata ananipa pole tena.

Basi nimeamua kuandika, maana mdomo umechoka. Mimi ni mtoto wa baridi. Nikikumbuka kwetu sikumbuki jua. Nakumbuka kuamka pua imekufa ganzi, moshi wa kuni za miwati umejaa kwenye blanketi, na mama yangu yuko nje anavunja vijiti kwa goti. Anayetaka kunihurumia anihurumie Agosti, watu wa mji huu wanapovua mashati na kujianika kwenye majani ya bustani kama dagaa.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria nyingi za kawaida, za kusalimia wakubwa na kuosha vyombo, na moja isiyo ya kawaida. Asubuhi ya kwanza ya sakitu, yaani ule umande unapoganda ukalala mweupe juu ya nyasi, hakuna aliyeruhusiwa kubaki ndani. Mama alitoa makaa ya moto jikoni kwa koleo, akayamwaga uani, akabandika sufuria ya uji wa ulezi hapo hapo nje. Alisema mgeni hapokelewi ukiwa kitandani. Sote tulisimama kuuzunguka moto, nyuso zinaungua, migongo imeganda, tukipokezana kikombe kimoja kikubwa cha bati. Na hapo ndipo sheria ilipofanya kazi: anayelalamika baridi akateke maji. Mama hakugomba. Alisema tu, "Ndoo iko nyuma ya mlango." Kijito kilikuwa chini kabisa ya mteremko, na maji yake yalikuwa yanakata vidole.

Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyejaza mitungi ya nyumba ile. Mdomo wake haukuwa na kifuniko. Alikuwa akianza tu "Jamani ba—" na sisi wote tunageuka kumtazama, naye anashuka mteremko ndoo ikigonga mguu. Baba, Mungu amrehemu, aliwahi kuteka ndoo mbili siku moja, ya pili kwa sababu alilalamikia baridi ya huko kijitoni. Mimi sikuteka hata moja. Nilikuwa nauma meno nanyamaza, na nilijiona jasiri kuliko wote. Na Mama, ndiyo usiseme. Sikuwahi kumsikia akilitaja neno baridi isipokuwa kwa sifa.

Nilipofika Brussels ulikuwa mwezi wa nane, joto la kunata, nikadhani nimekosea dunia. Nililia kidogo, sioni aibu kusema. Halafu siku moja Oktoba nilifungua mlango kwenda kazini, nikateremka barabara ya Ixelles, na pumzi yangu ikatoka mdomoni ikiwa moshi. Nilisimama nikacheka peke yangu katikati ya watu wanaokimbilia basi. Tangu siku ile nikazichukua desturi zao zote za majira ya kupukutika majani nikazifanya zangu. Nilinunua buti za mpira. Jumamosi ya pili ya Oktoba naenda msituni, kule mji wa Uccle unapoishia, kuokota chestnati. Unalikanyaga ganda lenye miiba kwa kisigino, linapasuka, unalitoa tunda lake kwa glovu. Pale Porte de Namur huwa anakuja mzee mmoja na pipa lake la mkaa anachoma hizo hizo chestnati, na mimi husimama karibu na moto wake muda mrefu kuliko mnunuzi yeyote. Hajawahi kunifukuza. Kantini nako maboga yanaanza kuingia, liki zile kama vitunguu majani, viazi mviringo bado vina matope, na supu yangu inakuwa nzito. Watu hurudi kuomba tena.

Sasa hayo yote yanaponyoka. Miaka hii Oktoba inakuja na mikono mifupi. Mwaka jana nilipita kwenye duka la aiskrimu nikakuta foleni imefika barabarani, na majani ya miti yameanguka makavu kabla baridi haijagusa hata ukucha. Kila mtu anafurahi. "Hali ya hewa nzuri iliyoje!" Nzuri ya nani? Nikisema hayo wananitazama kama mtu aliyetukana harusini.

Lakini hasira yangu ya mwaka jana ilikuwa na sababu nyingine, na hiyo ndiyo inayonifanya nishike kalamu.

Julai ya mwaka jana Mama aliugua nimonia. Anaishi peke yake tangu Baba afariki, nyumba ile ile, mteremko ule ule. Alilala siku tatu. Na siku zote hizo tatu nilimpigia simu, maana nampigia kila jioni, na kila nikiuliza, "Mama, hujambo?" alijibu, "Sijambo, mwanangu, baridi ya mwaka huu nzuri sana." Sauti ilikuwa ndogo nikadhani ni mtandao. Siku ya nne jirani akaja kuomba chumvi, akamkuta hawezi kumaliza sentensi. Akakaa hospitalini wiki mbili.

Mdogo wangu, ambaye sasa ni mtu mzima mwenye ndevu za mvi na ofisi yake Dar es Salaam, alipanda basi usiku na mchana mpaka akafika. Akanipigia akiwa korido ya wodi. "Dada, yamekwisha. Mama anahamia kwangu. Chumba kipo, choo ndani, kiyoyozi kipo, hospitali iko jirani. Hii baridi itamwua." Mimi nilikuwa kantini, mikono kwenye vitunguu. Nikasema, "Sawa."

Neno moja. Sikuuliza, "Mama anasemaje?" Sikusema, "Tungoje apone." Mtu ambaye kila Oktoba anapigania heshima ya baridi mbele ya Wabelgiji, nilimwuza mama yangu kwenye joto la Dar kwa neno moja, kisha nikaendelea kukata vitunguu.

Tukapanga bila yeye. Nyumba ingekodishwa kwa mwalimu mmoja kuanzia Januari. Mama angekuja kwangu Brussels miezi mitatu, Septemba hadi Novemba, apumzike, na mimi, kwa kuwa ni kifungua mimba na ananisikiliza, ningemweleza taratibu, uso kwa uso. Akirudi angeshukia Dar na kubaki huko huko. Wahenga walisema akufukuzaye hakwambii toka. Siku hizi anakukatia tiketi ya ndege.

Mama akaja. Amekonda, lakini anatembea. Sanduku lake lilikuwa na sweta mbili, soksi za sufu alizofuma mwenyewe, na kilo tatu za unga wa ulezi. Kwa miaka kumi na minne nilikuwa namtambia kwa simu: "Mama, baridi ya huku ukiiona utaiamkia." Akatoka uwanja wa ndege kwenye nyuzi joto ishirini na nane. Akavua sweta, akaikunja, akaiweka mkononi. "Haya," akasema. "Nionyeshe."

Septemba ikapita hivyo. Oktoba ikaja, baridi haikuja, lakini joto la ndani likawashwa. Jengo letu lina mtambo mmoja wa kupasha joto nyumba zote, na ile hita ya sebuleni kwangu kitufe chake kimekwama tangu nihamie. Huwezi kuipunguza, huwezi kuizima. Mama aliitazama, akaigusa, akavuta mkono. "Mmenileta kwenye tanuri la mikate," akasema, na tangu siku ile dirisha halikufungwa, asubuhi wala jioni.

Siku ya tatu jirani wa chini akagonga. Ni mama wa makamo kutoka Bukavu, tunasalimiana ngazini. "Maman," akamwambia Mama, mikono kiunoni, "ile dirisha munaachaka wazi, alors baridi yote inashukaka kwangu!"

Mama akamkazia macho. Akamweleza sheria ya nyumba yetu, neno kwa neno, kwa upole kabisa. Yule mama wa Bukavu akasikiliza mpaka mwisho, akageuka akashuka. Nikasema moyoni, tayari, tumegombana na jengo zima. Dakika tano hazikufika akarudi na chupa kubwa ya maji, ameibeba kichwani bila kuishika. "Bon," akasema, "miye nimeshateka." Walicheka mpaka wakashikana. Kuanzia hapo akawa anapanda kila siku mchana kunywa chai, na Mama akapata mtu wa kunisema kwake.

Na mimi bado sikuwa nimesema. Mdogo wangu alinitumia ujumbe kila Ijumaa: "Umemwambia?" Bado. "Dada!" Bado, nimesema. Nikaona bora nimpeleke msituni tukaokote chestnati, nimwambie huko. Jumamosi ile jua lilikuwa linawaka, watu wanapita na kaptula. Mama alijifunza haraka, kisigino, pasua, toa. Mfuko ukajaa nusu. Tukakaa kwenye benchi, naye akaanza kuhesabu mambo yake: akifika tu atafunika upya lile lundo la kuni maana mvua zitakuwa zimelilowesha, na njegere mwaka huu atazipanda upande wa juu, chini kule zinaliwa.

Nikamkatiza. Ningengoja amalize nisingesema kamwe. "Mama, hurudi Makete. Unakwenda Dar, kwa mdogo wangu. Kukaa."

Aliendelea kufuta chestnati kwa kitambaa. "Nani kasema?"

"Tumekubaliana."

"Nani na nani?"

"Sisi. Watoto wako."

"Wewe ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

Akaiweka ile chestnati mfukoni, akafunga mfuko fundo. Njia nzima kwenye tramu hakufungua mdomo. Tulipofika mlangoni, wakati natafuta ufunguo, akasema nyuma yangu, "Na wewe ndiye ambaye hukuteka maji hata siku moja." Basi. Heri angenipiga kofi. Alitegemea kwamba kati yetu wote kuna mmoja angesema hapana, na huyo mmoja nilikuwa mimi.

Siku nne alinijibu salamu tu. Chai yake alikwenda kunywa chini, Bukavu. Jumatano mdogo wangu akapiga simu ya picha akamzungusha kwenye kile chumba chake kipya: kitanda, kabati, pazia la maua. "Na hiki hapa, mama, kiyoyozi. Ukitaka baridi unabonyeza hapa, inatoka."

"Baridi ya kwenye sanduku," Mama akasema.

"Ni ile ile, mama."

"Hiyo ni ya kuhifadhia samaki. Mimi samaki?" Akanirudishia simu.

Nilijaribu kumtetea mdogo wangu, maana kusema kweli alikuwa na haki. Ni yeye aliyemwona Mama na mpira wa oksijeni puani, si mimi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usiku ule wa wodi aliukesha yeye. Nikamwambia Mama hivyo. Akanijibu, "Najua. Na ndiyo maana simchukii." Akaongeza, "Nimechukia kuhamishwa kama kabati."

Baridi ilikuja katikati ya Novemba, Jumamosi, bila kupiga hodi. Niliamka saa mbili asubuhi, kitanda cha Mama kitupu, na nyumba nzima inanuka mkaa. Nilikurupuka. Alikuwa kwenye roshani. Alikuwa ameuchukua mkaa wangu uliobaki kiangazi, ameumwaga kwenye sinia langu la kuokea, ameuwasha, na juu yake sufuria ya uji wa ulezi inatokota. Amevaa sweta zote mbili, soksi za sufu, na kitenge kichwani. Na vyuma vya roshani vilikuwa vyeupe! Kiti cha baiskeli kule chini uani cheupe, mapaa meupe, majani yaliyoanguka kila moja lina ukingo mweupe. Sakitu, hapa hapa Ixelles.

Ng'ambo ya ua dirisha likafunguliwa, mzee mmoja akatoa kichwa. Moto kwenye roshani ni marufuku, akapiga kelele, kuna kanuni za majengo, anaita polisi. Nami kweli nilikuwa nimekuja kuuzima. Nilikuwa na jagi la maji mkononi kabisa.

"Mgeni kaja," Mama akasema bila kunitazama. "Kaa."

Nikamtazama yule mzee. Nikalitazama jagi. Sijui kilinipanda nini. Labda ni pole zote za miaka kumi na minne. Nikamjibu kwa Kifaransa changu chote, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Tunapika uji, bwana! Ukimaliza kupiga simu, karibu kikombe!" Nikaweka jagi chini nikaketi juu ya ndoo ya kusafishia, na viatu vyangu vya ndani. Dirisha la chini nalo likafunguka. "Maman, nini inaungua?" "Uji!" "Bon, na miye munipimie!"

Hapo ndipo simu ilipolia. Mdogo wangu. Nilitaka iite mpaka ichoke, lakini Mama akasema pokea. Nikapokea, nikaigeuza, na yeye akaona kabla yangu, kwa sababu mimi nilikuwa naangalia moto. "Dada! Mama anatetemeka! Mwingize ndani! Mnataka kumwua?"

Nikageuka. Ni kweli. Kikombe kilikuwa kinagonga pete yake, ti-ti-ti-ti, na midomo imekuwa ya majivu. Nikaiona Julai yote mbele yangu, siku tatu za "sijambo". Nikafikiri, huyu ana haki, wewe mjinga, utamzika mama yako kwa ajili ya majivuno. Nikamwuliza swali ambalo hakuna mtu wa nyumba yetu aliyewahi kumwuliza, maana jibu lake lilikatazwa.

"Mama, unasikia baridi?"

Alikishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nasikia," Mama akasema.

Wallahi nilitaka kuanguka kwenye ile ndoo.

"Nasikia baridi. Magoti yananiuma, na hapa mgongoni kama kuna mtu ameweka jiwe. Julai ile niliisikia siku tatu, nikaona aibu kusema, kwa kuwa sheria niliiweka mwenyewe na mume wangu aliitekea maji. Hilo lilikuwa kosa langu. Msiisingizie baridi." Akanywa fundo moja la uji. "Sasa nasema, na mnisikie wote wawili. Nasikia baridi na ninaitaka. Ni yangu. Nimezaliwa ndani yake, nimewazaa ndani yake, na baba yenu amelala ndani yake. Mkinipeleka Dar sitasikia baridi, ni kweli. Sitasikia chochote."

Akaweka kikombe chini. Akashika chuma cha roshani, akainuka kwa taabu, nikataka kumshika akanipiga kiganja. Akaingia jikoni. Tukasikia bomba linafunguliwa, maji yanajaa, bomba linafungwa. Akarudi na birika limejaa hadi mdomoni, analibeba kwa mikono miwili, linamwagika kwenye soksi zake za sufu. Akaliweka karibu na moto.

"Sheria ni sheria," akasema, akaketi.

Mdogo wangu akasema, na sauti imembadilika, "Sasa sisi tutajuaje, mama? Ukiumwa tena ukasema hujambo, tutajuaje?"

"Nitalalamika."

"Wewe?"

"Kila jioni. Nitalalamika mpaka mnichoke."

Nikachukua simu. "Mdogo wangu," nikamwambia, "ile sawa niliyokupa Julai, naifuta."

"Dada, nimeshamwahidi mwalimu nyumba."

"Mwalimu atapata nyingine."

"Likitokea jambo ni juu yako."

"Ni juu yangu," nikasema, na nilijua ninachosema. Akakata. Alininunia mpaka Krismasi, na hata sasa siwezi kumlaumu kwa hilo. Polisi hawakuja. Yule mzee wa ng'ambo alileta karatasi ya kanuni za jengo akaitumbukiza kwenye sanduku langu la barua, akapigia mstari kifungu cha moto kwa wino mwekundu. Ninayo mpaka leo, nimeibandika kwenye friji.

Mama alirudi Makete mwisho wa Novemba. Njegere alizipanda upande wa juu. Na ahadi yake ameitimiza kwa namna ambayo sikuitegemea. Kila jioni napata ujumbe wa sauti. Leo goti la kushoto. Leo upepo umepitia kwenye ufa wa mlango. Leo nimekohoa mara mbili asubuhi, nimehesabu, jirani kaniletea tangawizi. Mwanamke ambaye hakulalamika miaka sabini ana akiba kubwa, nawaambieni. Mara nyingine nasikiliza huku nakoroga supu, mwenzangu Mbelgiji ananiuliza mama anasema nini, namwambia anasema yuko hai.

Na sasa Julai ya mwaka huu. Brussels ilikuwa inaungua. Kantini walikuwa wamenifutia supu, wananifanya nikate saladi. Usiku haukupoa kabisa, na saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye kochi, madirisha yote wazi, miguu kwenye beseni la maji ambayo nayo yalikuwa vuguvugu. Ile hita iliyokwama naiangalia kwa chuki ingawa mtambo wa jengo ulikuwa umezimwa. Simu ikaita, simu ya picha, nambari ya mdogo wangu.

Nyuma yake kulikuwa kweupe. Nyasi nyeupe, bati jeupe, kuku juu ya kuni. Alikuwa Makete! Amekwenda kumjengea Mama dohani ya kutolea moshi, na kumvutia bomba la maji mpaka karibu na nyumba, hakuniambia. Amevaa makoti mawili na kofia ya sufu imefika kwenye nyusi, na nyuma ya bega lake naona moshi wa moto wa uani na mgongo wa Mama ameinama anakoroga.

"Dada," akasema, meno yanagongana, "jamani huku baridi, nakufa."

Mama hakugeuka. "Ndoo iko nyuma ya mlango."

Mdogo wangu akanitazama kwenye simu, meneja mzima, baba wa watoto wanne, anangoja nimwokoe.

"Kateke," nikamwambia.

Aliiegemeza simu kwenye kitu fulani akaondoka. Nikasikia mpini wa ndoo, halafu hatua zake kwenye nyasi zilizoganda, kru, kru, kru, zinakwenda bombani. Sijui kwa nini ni huo mlio ulionishinda. Mama akaja kwenye simu akainama karibu sana, kama afanyavyo siku zote, nikaona paji la uso na jicho moja.

"Na huko?"

Nilitaka kusema sijambo. Lilikuwa limeshafika mdomoni. "Joto, Mama," nikasema, na machozi yakanitoka yakateremka yakachanganyika na jasho. "Joto limenishinda. Silali. Nimelichoka, na Oktoba nayo siku hizi haiji. Nataka baridi yangu."

Alinitazama kwa lile jicho moja. Nyuma yake mdogo wangu alikuwa anarudi, ndoo inagonga mguu.

"Na wewe umejua kulalamika," Mama akasema. "Basi njoo. Ndoo ziko mbili."